Shamba la Bibi: Pori Lililolindwa kwa Bunduki

Kusini mwa nchi ya Tanzania, kati ya milima ya Uluguru na mto Ruvuma, liko pori kubwa ambalo wazee wa vijiji vya kandokando hawakuliita kwa jina lililoandikwa katika ramani. Ramani zilisema Selous. Wao walisema Shamba la Bibi. Yasemekana kwamba Kaizari Wilhelm wa Pili, siku za utawala wa Wadachi, alimpa mkewe pori hilo kuwa zawadi ya ndoa. Kama zawadi ilitolewa au haikutolewa, jina limebaki, nalo laeleza vema jinsi wenyeji walivyolitazama pori lile: shamba lenye mali nyingi, lenye mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali.

Mali ya shamba hilo ni wanyama. Kwa miaka mingi ukubwa wake ulikuwa kiasi cha kilomita za mraba 50,000, yaani karibu sawa na nchi za Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Mwaka 1982 UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini Selous haikuwa kama Tsavo au Maasai Mara, ambamo mgeni huruhusiwa kutazama na kupiga picha tu. Ilikuwa pori la akiba, na kwa sheria za Tanzania pori la akiba ni mahali ambapo wanyama hulindwa mwaka mzima, na wachache miongoni mwao huwindwa kwa kibali na kwa malipo.

Msomaji wa Kenya, ambaye nchi yake ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, hana budi kustaajabu. Mahali pa kimbilio pa wanyama pawezaje kuwa tena mahali pa kuwaulia? Kabla ya kujibu yafaa kulipitia pori lenyewe, na kuzitazama habari zake tangu mwanzo.

NJIA YA RUFIJI

Msafiri atokaye Dar es Salaam hushika barabara ya kusini iendayo Lindi. Afikapo Kibiti huiacha lami na kuelekea magharibi, akipita katika vijiji vya bonde la Rufiji, penye mashamba ya mpunga, minazi na miembe, hata afike Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere. Mwingine hupitia Morogoro, akiizunguka milima ya Uluguru kwa njia ya Matombo na Kisaki, hata Matambwe. Tena iko njia ya reli. Gari la moshi la TAZARA, lipitalo katika reli iliyojengwa miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, hukata pembe ya pori, na abiria mwenye bahati huwaona twiga na tembo akiwa ameketi dirishani.

Mto Rufiji ndio moyo wa nchi hiyo. Huzaliwa pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, ukapokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha ukapenya katika korongo la Stiegler, lililopewa jina la Mzungu mmoja ambaye yasemekana aliuawa huko na tembo. Katika korongo hilo sasa limesimama bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa mwezi wa Desemba mwaka 2022, na mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme mwaka 2024. Ukiisha kutoka korongoni mto hutanuka, ukiacha maziwa ubavuni mwake, kama vile Tagalala, Manze na Nzerakera. Viboko hulala humo kwa makundi, mamba huota jua juu ya mchanga, na mivumo mirefu husimama kando ya maji.

Upande huu wa kaskazini ndio wageni wengi wauonao. Tangu mwaka 2019 upande huo, pamoja na nchi nyingine kubwa, jumla kilomita za mraba 30,893, umekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na katika hifadhi ya taifa hapana ruhusa ya kuwinda kwa starehe. Kusini yake ndiko lilikobaki Pori la Akiba la Selous, na huko ndiko mwindaji mwenye kibali anakokwenda.

Nchi ya kusini haina maziwa ya kupendeza. Ni miombo isiyo na mwisho, vilima vya mawe, na mito ya mchanga ambayo wakati wa kiangazi hubakiza madimbwi tu. Majani hukua marefu kupita kichwa cha mtu hata yateketezwe na moto wa kila mwaka. Mbung'o ni wengi mno, nao huuma hata juu ya nguo. Mvua zikianza, udongo mweusi hugeuka tope na magari hayapiti. Mgeni mwenye kamera hawezi kustarehe hapo. Aweza kutembea kutwa asione ila nyayo. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana ndilo sababu moja kubwa iliyofanya uwindaji uwe kazi ya pori hilo.

KABURI LA BEHO BEHO

Jina la Selous ni la mtu. Frederick Courteney Selous alizaliwa London mwaka 1851, akaenda Afrika ya Kusini akiwa kijana wa miaka 19, akawa mwindaji wa tembo. Vitabu vyake vilisomwa sana Uingereza. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda katika Kenya mwaka 1909, Selous alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuipanga safari hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki, mzee huyo alijiunga na jeshi. Tarehe 4 Januari 1917, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 65, alipigwa risasi na Wadachi huko Beho Beho, kaskazini ya Rufiji, akazikwa papo hapo chini ya miti. Kaburi lake liko hata leo, ni jiwe pana lenye bamba la madini juu yake. Mwaka 1922 Waingereza waliyaunganisha mapori yaliyohifadhiwa na Wadachi na kuyapa jina lake.

Basi tangu jina lake pori hilo lilifungamana na uwindaji. Hifadhi yenyewe, hata hivyo, ni ya zamani kuliko Selous. Mwaka 1896 gavana Mdachi, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya wanyama. Aliona pembe za ndovu zikisafirishwa kwa wingi na wanyama wakipungua, akataka wawindaji wawe na leseni, akatenga sehemu mbili ambazo wanyama wasiwindwe ndani yake. Moja ya sehemu hizo ilikuwa upande wa Rufiji. Kwa hiyo nchi hiyo ni miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa katika Afrika palipotengwa kwa ajili ya wanyama kwa amri ya serikali.

WATU WALIOONDOKA

Mgeni aonaye pori tupu hudhani kwamba lilikuwa tupu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sivyo. Wangindo, Wamatumbi, Wandengereko, Wapogoro na wengine walikuwa na vijiji na njia zao humo. Walilima mtama na mpunga, walirina asali, waliuza nta, na waliwinda ili wapate kitoweo na kuwafukuza wanyama mashambani. Kwao mnyama wa pori alikuwa nyama, naye alikuwa adui wa shamba.

Mwezi wa Julai mwaka 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Maji yenyewe yalitoka Ngarambe, kwa mganga Kinjikitile Ngwale, ambaye Wadachi walimnyonga mwaka huo huo. Kisa kikuu kilikuwa kazi za shuruti, kodi na pamba. Lakini wako wanahistoria wanaozihesabu pia amri za kuzuia uwindaji miongoni mwa machungu ya watu wa siku zile. Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilifuata, maana Wadachi waliyachoma mashamba na maghala. Waliokufa kwa vita na njaa wanakisiwa kuwa makumi ya maelfu, na wengine husema hata 300,000. Mahali palipokuwa na vijiji paliota msitu, na mbung'o wakaingia pamoja na wanyama.

Katika miaka ya 1940 ugonjwa wa malale ulienea katika nchi ya Liwale, na serikali ya Waingereza ikawahamisha watu waliobaki upande wa magharibi ili wakae pamoja katika vijiji vikubwa. Nchi iliyoachwa ikaongezwa katika pori la akiba. Mmoja wa maofisa walioshughulika sana na kazi ya kulipanua pori hilo alikuwa Constantine Ionides, Bwana Nyama wa kusini, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa sababu ya kuwakamata nyoka kwa mikono. Alikufa mwaka 1968, akazikwa ndani ya pori, katika mlima Nandanga. Wahamiaji wengi wa Liwale wamezikwa mbali na makaburi ya babu zao.

VITALU

Pori likawa kubwa, na gharama ya kulilinda ikawa kubwa vile vile. Njia za magari zilikuwa chache, maaskari wa wanyama wachache, na serikali haikuwa na fedha za kutosha. Brian Nicholson, aliyemfuata Ionides, alitoa shauri ambalo katika miaka ya 1960 lilitekelezwa: pori ligawanywe katika vitalu zaidi ya 40, kila kitalu kiwekewe hesabu ya wanyama wawezao kuwindwa kwa mwaka, na wawindaji kutoka ng'ambo walipe. Fedha zao zitengeneze barabara na viwanja vya ndege, na kuwalipa maaskari. Sehemu ya kaskazini, yenye maziwa, ikaachiwa watalii wa picha.

Maana ya shauri hilo ilikuwa wazi. Mwindaji mmoja hulipa kwa safari yake fedha ambazo watalii wengi wa picha hawawezi kuzifikia, tena hahitaji hoteli wala lami. Huridhika na hema, joto na mbung'o. Akiwa kitaluni kwa majuma matatu, magari ya kampuni yake huzunguka huko na huko, na jangili huona kwamba pori lina wenyewe. Naye mwindaji huyo huondoka na madume wachache wazee, ambao kutokuwapo kwao hakulipunguzi kundi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nia, na nia hiyo haikuwa mbaya.

Yafaa kusema jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Msimu huanza mwezi wa Julai, majani yakiisha kukauka. Mgeni huja na kuongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni, pamoja na wafuatilia nyayo, wachunaji wa ngozi na wapishi, ambao wengi wao ni wenyeji wa nchi hiyo. Askari wa serikali huandamana nao kila siku. Huyo ndiye aangaliaye kwamba sheria yafuatwa: kutopiga kutoka ndani ya gari, kutowinda usiku, kutopiga majike wenye watoto. Tembo sharti awe na pembe yenye uzito wa kilo 20 au zaidi, au iwe ndefu kwa kipimo kilichowekwa. Mnyama akijeruhiwa akakimbia huhesabiwa kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa. Sharti hili la mwisho humfundisha mwindaji kutofyatua risasi kwa pupa.

Alfajiri wafuatilia nyayo huinama penye mchanga wa mto, wakazisoma alama za nyati kama mtu asomavyo barua: wangapi, saa ngapi wamepita, yuko dume mzee peke yake au hayuko. Ndipo hufuata mwendo wa saa nyingi katika miombo, upepo ukiangaliwa kwa kumwaga majivu kidogo hewani. Mara nyingi nyati hunusa watu na kukimbia, na siku hupita bure. Siku ambayo dume hupatikana, pembe na ngozi huwa za mgeni, na nyama huliwa kambini. Wanakijiji wa ng'ambo ya mpaka huisikia bunduki kwa mbali, na kwa miaka mingi hawakupata kitu ila mlio.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Mzee aliyetega mtego wa waya ili apate swala mmoja wa kula alifungwa gerezani kwa ujangili. Mgeni aliyeua simba ili akitundike kichwa chake ukutani alipewa cheti. Kwa macho ya sheria tofauti ilikuwa ni kibali. Kwa macho ya mzee yule tofauti ilikuwa ni fedha.

FEDHA ZILIPOPATIKANA NA ZILIPOKATWA

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliusimamisha uwindaji katika nchi nzima, hata mwaka 1978 ukaruhusiwa tena. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Bei ya pembe za ndovu ilipanda duniani, bunduki za vita zilienea, na magari ya doria yalikaa bila petroli. Katika mwaka 1976 tembo wa nchi ya Selous walikisiwa kuwa kiasi cha 110,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawazidi kiasi cha 30,000. Vifaru, ambao walikisiwa kuwa maelfu, wakabaki wachache wa kuhesabika.

Mwaka 1989 serikali ilipeleka askari wa jeshi na polisi pamoja na wa wanyamapori katika Operesheni Uhai, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Wajerumani nao walikuwa wameanza kusaidia kazi ya Selous. Katika miaka ya 1990 likafanyika jambo jingine, dogo kwa kulisikia lakini kubwa kwa matokeo: nusu ya mapato ya pori iliruhusiwa kubaki katika pori lenyewe badala ya kwenda yote katika hazina ya serikali. Sehemu kubwa sana ya mapato hayo ilitoka kwa wawindaji. Magari yalitengenezwa, maaskari walipata viatu, mahema na posho, na doria zikaenda mahali ambapo hazikuwa zimefika kwa miaka. Tembo walianza kuongezeka, na katika hesabu ya mwaka 2006 walikisiwa kufika kiasi cha 70,000.

Kama habari ingekomea hapo, watetezi wa uwindaji wangekuwa wameshinda. Haikukoma. Katika miaka iliyofuata mwaka 2004 utaratibu wa kuacha nusu ya mapato uliachwa, na fedha zikaenda tena mbali. Vitalu vilikuwa vile vile, wawindaji walikuwa wale wale, bunduki zao zililia kila kiangazi; lakini magari ya doria yalisimama. Majangili wakaingia. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta tembo kiasi cha 13,000 tu. Mwaka 2014 UNESCO ililiweka pori hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na Marekani ikazuia pembe za tembo waliowindwa Tanzania zisiingie nchini mwake.

Ajabu ni kwamba wanyama hao hawakuuawa na wageni wenye vibali. Mgao wa tembo kwa wawindaji wote ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na maelfu waliopotea. Lakini kuwapo kwa wawindaji peke yake hakukumlinda hata tembo mmoja. Kilicholinda ni shilingi iliyotoka kwao ikarudi porini. Iliposita kurudi, ulinzi nao ulisita.

SIMBA NA HESABU YA MADUME

Iko hatari nyingine, isiyotokana na jangili. Wataalamu waliwachunguza simba wa Tanzania na namna wanavyoishi. Dume akiuawa, madume wengine huja kulitwaa kundi lake, nao huwaua watoto wa dume aliyetangulia ili majike wapate kuzaa nao. Basi risasi moja yaweza kuwaua simba wengi, ikiwa imempata dume kijana mwenye watoto. Dume mzee aliyekwisha kulea watoto wake, kuondoka kwake hudhuru kidogo.

Kwa sababu hiyo ikawekwa kanuni kwamba simba wa kuwindwa awe na umri wa miaka 6 au zaidi, na mwindaji bingwa ajue kuusoma umri huo katika uso, pua na manyoya ya shingo. Mwaka 2011 mtaalamu Craig Packer na wenzake walitoa taarifa kwamba katika Tanzania simba na chui walipungua zaidi katika vitalu vilivyowindwa zaidi, wakashauri kwamba katika Selous asiuawe zaidi ya simba mmoja kwa mwaka katika kila kilomita za mraba 1,000. Ushauri huo haukusema kwamba uwindaji uharamishwe. Ulisema kwamba hesabu ya mezani lazima ifuate hesabu ya porini. Mgao ukiandikwa kwa kuipendeza kampuni, au kwa tamaa ya ada, pori la akiba hugeuka ghala linalotolewa bila kuingizwa.

Magufuli, aliyekuwa Rais wa Tanzania, aliposimama Rufiji mwezi wa Julai mwaka 2019 siku ya kuweka jiwe la msingi la bwawa, alilalamika kwamba vitalu vya Selous havikuiletea nchi faida iliyostahili. Ndipo alipotaka sehemu kubwa iwe hifadhi ya taifa, na wawindaji wabaki kusini. Mwaka huo huo vitalu vya nchi vilianza kutolewa kwa mnada, badala ya kugawanywa kwa uamuzi wa ofisi.

MAJIRANI WA PORI

Wenye kuishi kandokando ya pori hawawezi kungoja hoja hizi zimalizike. Tembo akitoka usiku humaliza mahindi ya mwaka kwa saa moja. Nguruwe na nyani hawalali. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja katika vijiji vya Rufiji aliwaua watu wapatao 35 kabla ya kuuawa mwenyewe. Mtu aliyempoteza mtoto wake kwa simba hawezi kuambiwa kwamba simba ni urithi wa dunia, akaridhika.

Katika miaka ya 1990 vijiji kadha vya Ukutu upande wa Morogoro, na vya upande wa Songea na Tunduru, vilianza kupewa mgao mdogo wa nyati na nyumbu. Askari waliochaguliwa na vijiji vyenyewe waliwinda, na nyama ikauzwa kijijini kwa bei nafuu. Fedha zilitumika kwa kazi za kijiji. Chuo kilifunguliwa Likuyu Sekamaganga, katika nchi ya Namtumbo, kuwafundisha askari hao. Kisha sheria ikaruhusu vijiji kujiunga na kutenga ardhi yao wenyewe kuwa hifadhi ya jumuiya, na jumuiya hiyo yaweza kufanya mkataba na kampuni ya wawindaji au ya watalii wa picha, ikapata sehemu ya malipo.

Ngarambe, kijiji alikotoka maji Kinjikitile, ni kimoja cha vijiji hivyo. Pamoja na Tapika wameunda jumuiya yao kwenye mpaka wa mashariki wa pori. Wajukuu wa watu waliofungiwa shamba la bibi sasa wana pori lao, wana askari wao, na wana haki ya kumwuliza mgeni amelipa nini na fedha zimekwenda wapi. Haki hiyo bado ni changa. Malipo mengine huchelewa, na sehemu kubwa ya ada huchukuliwa na serikali kabla ya kufika kijijini. Hata hivyo kijana wa Ngarambe aonaye mtego wa waya leo ana sababu ya kuung'oa ambayo babu yake hakuwa nayo.

FUNZO KWA NCHI MBILI

Wako Wakenya wasemao kwamba Tanzania ingefuata mfano wa Kenya, ikaizima bunduki ya mwindaji kabisa. Hesabu za Kenya hazimruhusu mtu kusema hivyo kwa kujisifu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1977, mwaka wa marufuku, wanyama wakubwa katika nchi za malisho za Kenya walipungua kwa kiasi cha asilimia 68. Mashamba, nyua za waya, mifugo mingi na mitego vilifanya kazi ambayo bunduki ya mtalii iliachishwa. Wako pia Watanzania wasemao kwamba bila wawindaji pori lingekufa. Nao wanajibiwa na mwaka 2013, wakati ambapo wawindaji walikuwapo na tembo hawakuwapo.

Pori la Selous, kwa miaka yake zaidi ya 100, limewaonyesha watu wa nchi zote mbili jambo moja. Kuruhusu uwindaji hakulindi wanyama, wala kuukataza hakuwalindi, kama aliye jirani yao hana sehemu katika shamba na mlinzi wao hana posho. Kiangazi kikifika, mwindaji wa ng'ambo ataingia tena katika miombo ya kusini na askari nyuma yake, na mlio wa bunduki utafika hata vijijini. Wanakijiji wakiusikia na kujua kwamba ni fedha za shule yao, watalilinda shamba hilo hata kama halina bibi. Wakiusikia kama babu zao walivyousikia, hapana kitalu wala sheria itakayowatosha wanyama.